Richard Stevens: Mzaliwa wa Luanshya aliyetufunza programu zinavyoongea

Nilipokutana na jina la W. Richard Stevens, chuo nilikuwa nishaacha. Nilikuwa na laptopu nzee, kitabu chake kizito cha kuazima, na programu mbili zilizokataa kuelewana. Nikadhani ni jamaa wa California tu. Kumbe alizaliwa Luanshya, mji wa migodi ya shaba Zambia, mwaka wa 1951, nchi hiyo ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini.

Baba yake alifanya kazi kwenye shaba, kwa hivyo familia ilihamahama: Marekani, kisha Phalaborwa kule Afrika Kusini. Shahada yake ya kwanza, Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1973, ilikuwa ya uhandisi wa anga. Si kompyuta, ati! Kuandika programu alikuja kukufanya kazi Kitt Peak, kituo cha kutazama nyota Arizona, huku akisomea uzamifu, aliopata 1982.

Kitabu chake cha kwanza, kuhusu programu za mtandao kwenye Unix, kilitoka 1990. Vingine vikafuatana, lakini mimi aliniokoa na kurasa chache tu kuhusu ishara.

Kwenye Unix, programu moja inaweza kuigutusha nyingine kwa ishara. Ishara ya kawaida ni kama makanga kugonga bodi ya matatu: dereva anajua asimame, hajui nani anashuka wala ana mizigo mingapi. Tena haipangi foleni. Tuma tano wakati mpokeaji amezizuia, atapata moja. Yangu ilikuwa ikihesabu kazi zilizokwisha kwa njia hiyo. Kazi 50 zimeisha, hesabu inasema 31. Nililaumu laptopu wiki nzima.

Mwaka wa 1993 kiwango cha POSIX kilileta ishara za wakati halisi. Hizi hupanga foleni, na ukizituma kwa sigqueue kila moja hubeba kamzigo kadogo: nambari moja, au pointa. Pointa usiitumie programu nyingine, haki. Anwani hiyo kwake ni nyumba ya watu wengine. Na kama mzigo ni mkubwa, tafuta njia nyingine, kama foleni ya ujumbe.

Stevens hakuishia kunakili kiwango. Aliandika programu fupi inayotuma ishara tisa, aina tatu, kila aina mara tatu, kila moja na nambari yake. Kisha akaijaribu kwenye mifumo tofauti. Digital Unix ikazitoa kwa mpangilio uliotarajiwa, Solaris 2.6 ikazivuruga. Akachapisha matokeo yote mawili. Hapo ndipo nilimpenda huyu mzee, manake vitabu vingi hukuonyesha tu siku ambayo kila kitu kilikubali.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1999, akiwa na miaka 48. Juzuu ya tatu ya kitabu cha mtandao, aliyokuwa ameipanga, haikukamilika. Mwaka wa 2005 Stephen Rago alitoa toleo jipya la kitabu chake kikuu cha Unix, na jina la Stevens likabaki la kwanza kwenye jalada.

Programu yangu sasa inahesabu 50.