James Plimpton: Mtu aliyeyafundisha magurudumu kukata kona

Ukifika Nairobi au Kampala huenda ukakutana na vijana wakiteleza barabarani kwa viatu vya magurudumu, au wakiwa wamesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne. Hawana usukani wala breki ya mkono. Wakitaka kwenda kulia wanaegemea kulia, na chombo kinafuata. Wasikilizaji wetu wengi huuliza: kinajuaje pa kwenda? Leo tunawaletea maisha ya Mmarekani aliyelipatia swali hilo jibu zaidi ya miaka 160 iliyopita.

James Leonard Plimpton alizaliwa mwaka 1828 huko Medfield, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa fundi mwenye kipaji cha kubuni vitu, na baadaye akafanya biashara ya samani mjini New York. Inaelezwa kwamba alianza kuteleza juu ya barafu kwa ajili ya afya yake. Shida ilikuwa moja: majira ya joto yakija, barafu inayeyuka. Akataka chombo cha kumwezesha kuteleza sakafuni mwaka mzima.

Viatu vya magurudumu vilikuwapo tayari, lakini vilikwenda mbele tu. Kinasimuliwa kisa cha Joseph Merlin, fundi mzaliwa wa Ubelgiji aliyeishi London katika karne ya 18. Aliingia kwenye karamu akiwa juu ya magurudumu huku akipiga fidla, akashindwa kugeuka wala kusimama, akagonga kioo kikubwa cha thamani na kuumia vibaya. Kwa miaka mia moja hivi baada yake, watelezaji waliendelea kuhangaika na kona.

Plimpton alipata hataza ya kiatu chake Januari 1863. Aliweka magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, kila jozi kwenye ekseli yake. Ekseli hizo hakuzikaza moja kwa moja chini ya kiatu. Kila moja aliishika kwa pini iliyolala mshazari, pamoja na kipande cha raba cha kuirudisha mahali pake. Siri yote iko kwenye mshazari huo. Mtu akiegemea kulia, kiatu kinainama, lakini magurudumu yanabaki sakafuni. Kwa kuwa pini imelala mshazari, kule kuinama kunaigeuza ekseli. Pini ya mbele na ya nyuma zimeelekezwa kinyume, kwa hiyo ekseli ya mbele inageuka kulia na ya nyuma kushoto, na mtelezaji anachora mviringo mzuri.

Unaweza kuona jambo linalofanana na hilo nyumbani. Shika baiskeli kwenye siti, usiguse usukani, kisha ilaze kidogo upande wa kulia. Usukani utageuka wenyewe kwenda kulia. Uma wa mbele nao umelala mshazari.

Plimpton aliilinda kazi yake kwa wivu. Hakuviuza viatu vyake ovyo, alivikodisha kwenye kumbi maalumu. Mwaka 1866 aligeuza ukumbi wa chakula wa hoteli moja huko Newport, mji wa mapumziko wa matajiri, kuwa ukumbi wa kuteleza. Alitaka uwe mchezo wa watu wenye heshima zao. Mchezo ulipovuma Uingereza miaka ya 1870, mafundi wengi walimuiga, naye akawafikisha mahakamani. Mwaka 1876 mahakama mjini London ilimpa haki.

Lakini hataza haidumu milele. Miaka ya 1880 viwanda vingi vilianza kutengeneza viatu vya aina hiyo, bei ikashuka, na watoto wa watu wa kawaida wakavipata. Plimpton alifariki mwaka 1911.

Hakuuona ubao wa magurudumu. Miaka ya 1950 huko California, watoto walivunja viatu vya kuteleza na kupigilia ekseli zake chini ya vipande vya mbao. Pini ya mshazari ikahamia kwenye ubao. Miaka ya 1970 yakaja magurudumu ya plastiki laini yanayoshika barabara vizuri, na mbio za slalomu zikashamiri: mshindani anateremka mlima akipenya kushoto na kulia kati ya koni.

Hapo ndipo pembe ya Plimpton ilipogeuka kuwa suala la kushinda au kuanguka. Pini ikisimama zaidi, ubao unakata kona kali kwa kuegemea kidogo tu. Ikilala zaidi, ubao unatulia, lakini ni mzito kugeuka. Ukitaka wepesi mbele na nyuma kwa pamoja, kwenye mwendo mkali ubao huweza kuanza kutikisika hadi ukutupe chini. Kwa hiyo washindani huzipa ekseli pembe tofauti: ya mbele kubwa, ili iongoze, na ya nyuma ndogo, ili ifuate kwa utulivu. Hufanya hivyo kwa kuingiza kabari nyembamba kati ya ubao na chuma kinachoshika ekseli. Digrii chache tu zinatosha kuubadili ubao wote. Ndiyo maana fundi mwangalifu hubadilisha kitu kimoja kwa wakati, anajaribu polepole, kisha anarudi kwenye spana yake.

Plimpton alitaka uvumbuzi wake ubaki kwenye kumbi za matajiri. Uliishia mikononi mwa watoto waliokuwa na msumari na kipande cha ubao, na hao ndio waliouendeleza mbali zaidi.