Maisha ya Khalifa Abdul-Mu'min bin Ali, Mjenzi wa Misikiti ya Maghribi

Yeyote azuruye mji wa Marrakesh katika nchi ya Moroko huuona kwanza mnara wa msikiti wa Kutubiya, ambao kimo chake chakaribia mita 77 pamoja na kilele. Msikiti huo, uitwao kwa jina la wauza vitabu waliokuwa jirani nao, ulianzishwa na mwana wa mfinyanzi.

Abdul-Mu'min bin Ali alizaliwa mwishoni mwa karne ya 11 katika kijiji cha Tagra, karibu na Tlemcen. Alipokuwa kijana alitoka kwao kwenda kutafuta elimu Mashariki, lakini hakufika mbali. Huko Mallala, karibu na Bijaya, alikutana na Ibn Tumart, mwalimu wa Tauhidi na mpinzani wa anasa za watawala wa Murabitun, akamfuata. Ibn Tumart alipofariki mwaka 1130, Abdul-Mu'min alishika uongozi wa wafuasi wake, Muwahhidun.

Habari za ukali wao zilitangulia majeshi yao. Wanahistoria wasimulia kwamba alipokaribia kuingia Fes, wazee wa mji waliogopa lawama, wakayafunika kwa karatasi na chokaa mapambo ya msikiti wa Qarawiyyin. Mapambo hayo yalikaa gizani mamia ya miaka, hata yakafunuliwa katika karne ya 20.

Mwaka 541 wa Hijra, yaani 1147, aliiteka Marrakesh, na damu nyingi ilimwagika. Palipokuwa na jumba la Murabitun akajenga msikiti. Kisha ubavuni mwake ukajengwa wa pili, uliopishana nao kidogo kwa mwelekeo wa kibla. Ndani yake mna safu za nguzo nyeupe na matao ya umbo la kiatu cha farasi, na mbele ya ukuta wa kibla makuba ya jasi yaliyochongwa vijitundu tabaka juu ya tabaka, mfano wa masega ya nyuki. Mapambo ni machache kadiri mtu alivyo mbali na mihrabu, yakazidi kadiri aikaribiavyo.

Lakini mimbari hakuiunda upya. Aliitwaa ile iliyoagizwa Cordoba mwaka 1137 na adui yake, Ali bin Yusuf, iliyotiwa nakshi za mbao za rangi mbalimbali na mifupa. Ikatengenezewa mitambo ya kuitoa chumbani mwake yenyewe wakati wa hotuba. Leo imehifadhiwa katika jumba la Badi, mjini humo humo.

Huko Tinmal, milimani, alipozikwa mwalimu wake, alijenga msikiti mwingine wa mpango kama huo, wenye mnara uliosimama juu ya mihrabu. Alifariki mwaka 1163 mjini Salé, akazikwa Tinmal. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliuharibu vibaya msikiti huo.

Basi yatupasa tuzingatie. Mtu ambaye watu walimficha nakshi zao kwa hofu, mwenyewe aliacha nakshi zitazamwazo mpaka leo. Na aliyeuangusha ufalme wa adui aliihifadhi kazi ya mafundi wake. Falme zote mbili zimekwisha, wala hazina mrithi. Kazi ya seremala na mwashi, iliyofanywa kwa ajili ya ibada, ndiyo iliyobaki, nayo yahitaji kutunzwa na walio hai.