Fanny Burney: Kidonda kilikauka mbele, moyo ulichelewa

Kila mwezi wa kumi, redio nyingi zinazungumza juu ya kansere ya titi: namna ya kujipima kwa mkono, wakati gani wa kukimbilia kwa daktari. Ni vizuri. Lakini kuna upande mmoja tunaoupita haraka. Mama akishakatwa titi akarudi kwake, ndani ya moyo kunabaki nini? Hapa Isangi, mgonjwa anapanda juu ya mto mpaka Kisangani, zaidi ya kilomita 100, anakaa huko majuma, kisha anarudi. Sisi tunamuuliza kama kidonda kimekauka. Akijibu ndiyo, basi, habari imeisha. Jembe lake linamngoja.

Ndiyo maana leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Uingereza, mwandishi maarufu sana wa wakati wake, aliyekatwa titi mwaka 1811 na kuandika yeye mwenyewe namna ilivyokuwa.

Jina lake Frances Burney, nyumbani walimwita Fanny. Alizaliwa tarehe 13/06/1752 huko King's Lynn. Baba yake Charles alikuwa mwalimu wa muziki. Mtoto huyu alichelewa: kwa miaka minane alikuwa bado hajui herufi. Alipofika miaka kumi, mama yake akafa. Tangu hapo nguvu yake ilikuwa kwa dada zake. Yaya mkubwa alikuwa Esther, na mdogo aliyempenda kupita wote alikuwa Susan.

Mwaka 1778 alitoa kitabu chake cha kwanza, Evelina, bila kuweka jina. London nzima ilijiuliza nani ameandika. Baadaye jina lilijulikana, sifa zikamfuata, akatoa Cecilia mwaka 1782. Tangu 1786 mpaka 1791 alikuwa katika jumba la malkia Charlotte, kazi yake ni mavazi ya malkia. Heshima kubwa, lakini kazi ile ilimmaliza mwili, akaomba kutoka. Mwaka 1793 akaolewa na jenerali Mfaransa, Alexandre d'Arblay, mkimbizi aliyepoteza mali yote. Fanny alikuwa na miaka 41. Wengi walifikiri wakati wake wa kuolewa umekwisha zamani! Mwaka uliofuata wakapata mtoto mwanaume, Alexander.

Mwaka 1802 familia ilikwenda Ufaransa kwa safari ambayo haikupaswa kuwa ndefu. Mwaka 1803 vita ikaanza tena kati ya Ufaransa na Uingereza, njia ikafungwa. Alikaa huko miaka kumi. Sisi watu wa Tshopo hatuhitaji kuelezwa sana: unakwenda kutembelea ndugu, vita inakufunga huko huko.

Ni hapo Paris, mwaka 1810, titi lake la kuume lilianza kuuma. Bwana yake alimsukuma aone daktari. Yeye alikataa, akifikiri kwamba akipumzika vizuri litapona lenyewe. Alipokubali, uvimbe ulikuwa umekomaa. Mmoja wa madaktari alikuwa Larrey, mpasuaji mkubwa wa jeshi la Napoleon, mtu aliyezoea kukata mikono na miguu ya askari kwenye uwanja wa vita. Larrey huyo alijaribu kwanza dawa bila kisu. Siku ilipoonekana kwamba hakuna njia nyingine, alishindwa kuzuia machozi.

Fanny akakubali. Lakini hawakumwambia ni siku gani. Majuma matatu alingoja, kila asubuhi akijiuliza kama ni leo. Kwa maoni yangu, mateso yake yalianzia pale, mbele ya kisu. Pengine madaktari walidhani wanamsaidia. Lakini mtu anayefichwa habari ya mwili wake mwenyewe halali usingizi.

Barua ilifika asubuhi ya tarehe 30/09/1811: ni leo. Fikira yake ya kwanza ilikuwa bwana yake. Alipanga kwa siri aitwe kazini kwa jambo la haraka, asije akasikia mke wake akilia. Kisha akangoja, kwa sababu madaktari walichelewa. Akaingia katika chumba kilichotayarishwa, akaona bendeji, sponji na vitambaa vimerundikwa, tumbo likamgeuka. Akatembea huku na huku mpaka akili ikawa kama imeganda. Akaandika mistari michache kwa bwana yake na mtoto, kama angekufa.

Saa tisa mchana magari ya farasi yakasimama nje. Wanaume saba waliovaa nguo nyeusi wakaingia chumbani bila kubisha. Mkubwa wao, Dubois, aliamuru magodoro mawili ya zamani na shuka ya zamani. Wanawake wa nyumba walitakiwa kutoka. Fanny alibishana ili wabaki, na mwishoni alibaki mmoja tu. Mwaka ule dawa ya usingizi haikuwapo. Eta ilionyeshwa hadharani huko Boston mwaka 1846, miaka 35 baadaye. Yeye alipewa kinywaji cha divai tu. Wakamfunika uso kwa kitambaa chepesi mno, na kupitia kitambaa hicho akaona chuma kinang'aa. Waliuliza nani atashika titi. Akasema atalishika mwenyewe. Kazi ilichukua dakika kama 20. Alipiga kelele muda wote wa kukata, akazimia. Walipomwinua alimwona Larrey amepauka, damu usoni, na yeye ndiye akamhurumia daktari.

Kidonda kilipona. Kama ingekuwa kwetu tungesema habari imeisha.

Kumbe haikuisha. Miezi ilipita bila yeye kuweza kuizungumzia, kwa sababu kila alipojaribu, alirudi tena juu ya godoro lile. Swali dogo tu la mtu lilitosha kumrudisha. Susan alikuwa amekufa tangu 1800, na Esther alikuwa Uingereza, ng'ambo ya vita. Katika mwezi wa tatu wa 1812 akaanza kumwandikia yaya wake barua. Aliandika kidogo, akaacha. Akarudi, akaacha tena. Barua hiyo moja aliimaliza mwezi wa sita. Karibu miezi tisa ilikuwa imepita tangu operesheni, na kuandika kulikuwa bado kunamletea maumivu ya kichwa. Alipofika mwisho hakuweza kuisoma tena, hata kusahihisha makosa, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuandika.

Ukiifikiria barua hiyo, haikuwa ya kulalamika. Alitaka ndugu zake wapate habari kutoka kwake, si kwa midomo ya watu. Alitaka pia wasingoje kama yeye alivyongoja, siku mmoja wao akisikia maumivu ya namna ile. Na bwana yake, yule aliyefukuzwa nyumbani kwa upendo, naye aliongeza maneno yake humo. Ninajiuliza kama haikuwa karatasi ile iliyowaweka wote wawili upande mmoja wa jambo hili, maana siku ya kisu kila mmoja aliteseka peke yake.

Leo kuna kazi inayofanywa na watu waliosomea mambo hayo. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Mukwege mwaka 1999, imejulikana duniani kwa kuwatunza wanawake walioharibiwa na vita: daktari wa kisu anafanya yake, na mtu wa saikolojia anakaa na mgonjwa na kumsikiliza. Mtu wa namna hiyo kando ya kitanda cha mama aliyekatwa titi, ndiye Fanny alimkosa. Alikuwa na karatasi na yaya.

Mwezi wa nane 1812 alitoroka na mtoto wake kurudi Uingereza, ili kijana asiingizwe katika jeshi la Napoleon. Mwaka 1814 akatoa kitabu kingine, The Wanderer. Mwaka 1815 alikuwa Brussels wakati wa vita ya Waterloo, majeruhi wakiletwa mjini. Bwana yake alikufa mwaka 1818, mtoto wake mwaka 1837. Yeye aliendelea kuishi, na kwa sababu aliishi zaidi ya miaka 28 baada ya operesheni, madaktari wengine wa leo wanajiuliza kama uvimbe ule ulikuwa kweli kansere. Wakati wake hakukuwa na njia ya kupima.

Alikufa London akiwa na miaka 87, tarehe 06/01/1840. Ilikuwa miaka 40 kamili, siku ileile, tangu kifo cha mdogo wake Susan. Barua aliyoshindwa kuisoma tena haikutupwa. Iko mpaka leo katika maktaba kubwa ya New York.