Annalena Tonelli: Mwanasheria aliyewatibu wafugaji wa Wajir

MIONGONI mwa wageni waliofika katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa, ni wachache walioacha kumbukumbu nzito kama Annalena Tonelli.

Alizaliwa Aprili 2, 1943 mjini Forlì, kaskazini mwa Italia. Alisomea sheria hadi akapata shahada, lakini hamu yake haikuwa mahakamani. Baada ya kuwahudumia maskini wa mji wake kwa miaka sita, alikuja Kenya mwaka 1969. Hakuwa mtawa, wala hakuwa daktari. Alifundisha kwanza Chinga, Nyeri, na mwaka uliofuata akahamia Wajir.

Vita vya shifta vilikuwa vimekwisha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kulibana eneo hilo hadi mwaka 1991. Wasomali wa huko walikuwa raia wa Kenya waliotazamwa kwa shaka na serikali yao wenyewe. Shule na hospitali zilikuwa haba, na kifua kikuu kiliwaua wengi.

Tatizo halikuwa uhaba wa dawa pekee. Tiba ya siku hizo ilichukua mwaka na zaidi, ilhali mfugaji huifuata mvua na malisho. Akipata nafuu huondoka na ngamia wake, ugonjwa humrudia, na mara nyingine dawa zenyewe hushindwa kuutibu. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba mfugaji hatibiki. Tonelli aliona kosa limo katika utaratibu wa matibabu, si katika maisha ya mgonjwa.

Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuwatibu wafugaji hao. Hapo ndipo ilipozaliwa manyata ya kifua kikuu mjini Wajir. Wagonjwa walikuja na jamaa zao, wakasimamisha vibanda vyao vya miti na mikeka kama walivyozoea nyikani, na kila siku wakameza dawa mbele ya mhudumu kwa muda wa miezi sita. Utaratibu wa aina hiyo uliingia baadaye katika mkakati ambao WHO iliueneza duniani kote katika miaka ya 1990. Haki ni kusema kwamba sifa hiyo si yake peke yake. Mpango wa taifa wa Tanzania, ulioongozwa kitaalamu na Karel Styblo, ulichangia sehemu kubwa. Pamoja na wanawake wenzake kutoka Italia, Tonelli alianzisha pia kituo cha kuwahudumia walemavu.

Februari 10, 1984, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakanyimwa maji juani kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Tonelli alitoka kwenda kuwatafuta majeruhi na kukusanya maiti zilizotupwa porini. Habari na picha alizokusanya zilifika nje kwa msaada wa Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya.

Hakurudi Italia kupumzika. Aliendelea na kazi hiyo hiyo nchini Somalia, na kuanzia mwaka 1996 akawa Borama, Somaliland, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya viziwi, akawatunza wenye virusi vya Ukimwi na kupinga ukeketaji. Si kila mkazi aliyemkubali. Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huo huo alipigwa risasi katika eneo la hospitali yake na kufariki, akiwa na umri wa miaka 60.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya ilianza vikao vyake vya hadhara Garissa mnamo Aprili 2011, kisha ikaenda Wajir. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa imeshikilia kwamba waliokufa Wagalla walikuwa 57. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2013 ilisema huenda walikaribia 1,000.