Naftali Temu: Mwana wa Gusii aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki

MARA tu Wakenya wanapotaja mashujaa wa riadha, jina la Kipchoge Keino hutangulia. Hata hivyo, nishani ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya taifa hili ililetwa na mwana wa Gusii, marehemu Naftali Temu.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945. Alikuja kupata umaarufu enzi ambapo Nyamira na Ogembo zote zilikuwa ndani ya Wilaya moja ya Kisii, na ushindi wake ukawa fahari ya vilima vyote vya Gusii.

Mwaka wa 1964 alishiriki mbio za marathon katika Olimpiki ya Tokyo, lakini hakuambulia nishani. Miaka miwili baadaye, jijini Kingston, Jamaica, aliushangaza ulimwengu alipomshinda Ron Clarke wa Australia katika mbio za maili sita. Wakati huo Clarke ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000.

Siku yake kuu ilikuwa Oktoba 13, 1968, jijini Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hafifu iliwalemea wengi, akiwemo Clarke, aliyezirai baada ya kumaliza wa sita.

Katika mzunguko wa mwisho, Mamo Wolde wa Ethiopia alichomoka na kuongoza. Temu hakukata tamaa. Alimfuata, akampita katika sehemu iliyonyooka karibu na utepe, na kushinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Tofauti yao ilikuwa takriban nusu sekunde. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa tatu.

Thamani ya nusu sekunde hiyo hueleweka vyema kwa somo la fizikia ambalo wanafunzi wa sekondari, wawe Ogembo au kwingineko, hulipata gumu: mwendo wa duara.

Kiumbe kinachozunguka kina kasi za aina mbili. Ya kwanza ni kasi ya mstari, yaani mita anazokata mkimbiaji kila sekunde. Ya pili ni kasi ya pembe, yaani nyuzi anazogeuka kila sekunde akipimwa kutoka kitovu cha duara. Kasi ya mstari hupatikana kwa kuzidisha kasi ya pembe, ikiwa katika radiani, na nusukipenyo.

Kwa wastani, Temu alikata mita 5.66 kila sekunde. Katika uwanja wa kipimo cha leo, ambapo mkimbiaji wa njia ya ndani hupinda kona kwa nusukipenyo cha mita 36.8, kasi hiyo ni sawa na kugeuka nyuzi 8.8 hivi kwa sekunde. Kona nzima humalizika kwa sekunde 20 na ushei.

Anayetaka kwenda naye bega kwa bega katika njia ya pili, mita 1.22 nje yake, hana budi kuwa na kasi ile ile ya pembe. Lakini kwa kuwa duara lake ni kubwa zaidi, atalazimika kukimbia takriban mita 5.85 kwa sekunde. Katika kona moja tu atakuwa amekimbia mita 3.8 za ziada.

Hata kwa mkimbiaji anayetimka mita 7 kwa sekunde, nusu sekunde ni mita 3.5 pekee. Kwa hivyo, kona moja iliyokimbiwa nje ingetosha kuipoteza dhahabu. Kumpita mpinzani mahali paliponyooka hakumtozi mkimbiaji gharama hiyo.

Siku chache baadaye Temu alitwaa shaba katika mita 5,000, nyuma ya Gammoudi na Keino. Alishiriki pia Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972 bila mafanikio, kisha akastaafu na kuishi katika shamba alilopewa na Rais Jomo Kenyatta huko Nyamira.

Alifariki Machi 2003 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, kutokana na saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 57. Mabingwa wengi wamemfuata tangu wakati huo, lakini wa kwanza atabaki kuwa yeye.