Cody, mtu aliyepandishwa na tiara

Mtu anayefungwa kwenye mwavuli wa rangi, boti ikamvuta mpaka miguu ikaacha maji, hudhani mchezo huo ni wa juzi. Mwavuli wenyewe, ule wa kupaa badala ya kushuka, ni wa juzi kweli: ni kazi ya Mfaransa Pierre Lemoigne, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini hamu ya kuning'inia angani kwenye kamba ni ya zamani, na mimi nikiulizwa nani atajwe mbele, namtaja Samuel Cody.

Alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1867, jina lake la ukoo Cowdery. Jina la Cody alijipachika ili watu wamdhanie jamaa ya Buffalo Bill, mcheza maonyesho maarufu wa farasi na bunduki. Hawakuwa na udugu wowote. Alihamia Uingereza akiishi kwa maonyesho kama hayo, nywele ndefu, kofia pana, na kwa mchezo wa jukwaani aliouita The Klondyke Nugget. Pesa za tikiti alizimalizia kwenye tiara.

Usifikirie tiara za watoto wetu za karatasi na njiti. Za Cody zilikuwa masanduku ya kitambaa na fito, yenye mbawa, zikirushwa kwa mfuatano. Ndogo ilitangulia kupandisha kamba. Kubwa zikafuata, moja baada ya moja, kukaza waya. Mwisho ikapanda ile yenye kikapu, na mtu ndani yake akiwa na kamba za kuiongoza na breki. Upepo ukiwa mzuri mtu alipanda zaidi ya futi 2,000. Hata Lela, mwenziwe wa maisha, alipanda. Hakimiliki aliipata mwaka 1901.

Kwetu sisi watu wa bahari, kisa chake kitamu ni cha Novemba 1903. Alijitia peke yake katika kidau cha kukunjwa pale Calais, Ufaransa, usiku, akakifunga kwenye tiara badala ya tanga, akavutwa na upepo mpaka Dover, Uingereza. Safari ilimchukua kama saa 13. Mchezo wa leo boti huvuta mtu aliye juu. Yeye aliye juu ndiye aliyemvuta.

Jeshi lilimchukua awafundishe askari kurusha tiara, wapate kumwona adui kutoka juu. Hata hivyo wakubwa wengi hawakumwamini. Alikuwa mtu wa jukwaani, kuandika kwake kwa shida, hesabu zake za kichwani. Hapo ndipo ninapomwonea uchungu. Sisi tunaojua fundi wa jahazi anayepinda mbao kwa jicho, bila mchoro, na jahazi likaelea, hatukupaswa kuambiwa kwamba ujuzi wa mikono si elimu. Tarehe 16 Oktoba 1908, huko Farnborough, Cody aliirusha ndege ya injini aliyoiunda yeye, na ndiyo safari ya kwanza ya namna hiyo kutambuliwa Uingereza. Mwaka uliofuata jeshi likamwachisha kazi!

Hakukoma. Alichukua uraia wa Uingereza, akaendelea kwa mfuko wake. Mwaka 1912 jeshi lilipoitisha mashindano ya ndege, viwanda vyenye wahandisi vikaja, na mshindi akawa yeye, akapata pauni 5,000.

Tarehe 7 Agosti 1913 alikuwa akijaribu ndege mpya aliyokusudia iweze kutua majini. Ilivunjika angani, akafa pamoja na abiria wake, mcheza kriketi William Evans. Alizikwa katika makaburi ya wanajeshi, Aldershot, ijapokuwa hakuwa askari, na maelfu kwa maelfu ya watu wakajipanga barabarani. Mti aliokuwa akiifunga ndege yake apime nguvu ya injini ulitunzwa Farnborough kwa miaka mingi.