Mama Kevina, Yatima Aliyewalea Wengi

Katika vihamba vya mlima wetu, tangu Rombo hadi Machame, si ajabu kukuta nyumba ambamo bibi kizee analea wajukuu waliofiwa na wazazi. Yeye ndiye akataye majani ya ng'ombe, ndiye atafutaye daftari na sare za shule. Majirani humwonea huruma, lakini mioyoni mwao hudhani kwamba watoto wale hawatafika mbali. Kwa ajili ya nyumba hizo, na kwa ajili ya majirani hao pia, twapenda kusimulia maisha ya mwanamke aliyelelewa vivyo hivyo, katika nchi ya mbali, ambaye jirani zetu wa Uganda walimfanya mama yao.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow nchini Ayalandi. Baba yake alikuwa mkulima, naye alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Teresa alipofika umri wa miaka 10, mama yake naye akafariki. Bibi mzaa mama akamchukua, akamlea katika maisha ya shamba na ya sala. Binti alipotimiza miaka 17, bibi naye akaitwa na Mungu. Basi msichana huyu alikuwa amezika nguzo zote za nyumba yake kabla hajawa mtu mzima.

Alifanya kazi ya ualimu msaidizi kwa muda, kisha mwaka 1895 akajiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Maria Kevin. Tamaa yake ilikuwa kutumwa kuwahudumia watu weusi wa Marekani. Wakubwa wake wakampangia njia nyingine. Askofu Henry Hanlon alikuwa ameomba masista kwa ajili ya Uganda, na tarehe 3 Desemba 1902 Kevin na wenzake watano wakaondoka London. Walisafiri kwa meli hadi Mombasa, kwa reli mpya hadi ziwa kubwa la Nyanza, kisha wakavuka maji. Tarehe 15 Januari 1903 walifika katika kilima cha Nsambya, Kampala.

Wakati ule nchi ilikuwa katika msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza vijiji vya kando ya ziwa, na katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000. Masista hawakuwa na hospitali. Walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, na wagonjwa walipozidi, mwembe ule ukawa zahanati. Papo hapo wakafundisha wasichana kusoma, kushona na kutunza watoto wachanga. Watu waliligeuza jina la Kevin kwa namna ya ulimi wao, wakamwita Mama Kevina.

Ikaja Vita Kuu ya kwanza. Wazee wetu walisimuliwa jinsi majeshi yalivyopita Taveta na kuingia Moshi mwezi wa Machi 1916. Nyuma ya majeshi yale walitembea wapagazi, watu waliobeba mizigo ya wengine katika vita isiyokuwa yao, na kikosi chao ndicho kilichouachia mtaa wa Kariakoo jina lake katika Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Wale waliorudishwa Uganda wakiwa wagonjwa walipokewa Nsambya, na Mama Kevina na masista wenzake wakawauguza. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi hiyo.

Lakini kazi iliyomsumbua zaidi ilikuwa ile ya uzazi. Aliona akina mama wengi wakifa, na watoto wao pamoja nao, kwa kukosa mkunga aliyefundishwa. Kwa desturi ya Kanisa ya siku zile, masista hawakuruhusiwa kuzalisha. Mama Kevina hakukaa kimya akingojea. Alimpata Dakta Evelyn Connolly, mwanamke mlei, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakafungua hapo Nsambya shule ya wauguzi na wakunga kwa wasichana wa Uganda. Ruhusa ya Roma kwa masista ilitoka mwaka 1936. Kufikia siku hiyo wasichana wale walikuwa wameokoa maisha ya wengi.

Hapa ndipo twaona siri ya mwanamke huyu. Angeweza kuridhika kuwa mfadhili, yaani mtu anayetoa na kushukuriwa. Yeye alitaka wenyeji wawe watoaji. Tarehe 1 Mei 1923, huko Nkokonjeru, alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akiwa na wasichana wanane wa Kiafrika. Haikuwa rahisi. Wazazi walikuwa wakitazamia mahari na wajukuu, na wako waliosema kwamba msichana Mwafrika hawezi kushika nadhiri. Wale wanane waliwajibu kwa maisha yao, na sifa ya kazi hii ni yao kama ilivyo yake. Leo shirika lao lafanya kazi Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania.

Aliendelea pia kuwatafuta waliotupwa na jamaa zao. Makazi ya wagonjwa wa ukoma yalifunguliwa Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934. Mwaka 1952 masista wa Mill Hill walioko Afrika wakawa shirika la kujitegemea, na yeye akawa mkubwa wao wa kwanza. Alipoachia kazi hiyo mwaka 1955, akiwa na miaka 80, hakurudi kupumzika. Alitumwa Boston, Marekani, kuomba fedha kwa ajili ya misioni za Afrika, na huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulipelekwa Ayalandi, lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba kwa nguvu warudishiwe mama yao, nao wakasikilizwa. Tarehe 3 Desemba 1957 alizikwa Nkokonjeru. Mwaka 2016 Kanisa lilifungua kesi ya kumtangaza mwenye heri.

Wasomaji wapenzi, hakuna jirani wa Knockenrahan aliyeweza kujua kitu gani kimefichwa ndani ya mtoto yule wa kulelewa. Nasi hatujui kilichofichwa ndani ya mayatima wa vijiji vyetu, hasa wasichana, ambao ndio wa kwanza kuachishwa shule nyumba inapopungukiwa. Huruma ya maneno haitoshi. Yatupasa tuulize bibi yule amepungukiwa nini: sare, mafuta ya taa, ama mtu wa kumsaidia kukata majani ili mtoto apate saa moja ya kusoma. Hayo ni mambo madogo, na kila jumuiya yetu yaweza kuyafanya wiki hii.